Kabla ya Selfi ya Karen, Mjue Kamante

Mwezi uliopita kazo wangu alitimiza miaka 21. Tukatoka Matete na basi la usiku, mchana tukawa tumeketi Karen Blixen Coffee Garden, Nairobi. Bustani safi, nyumba ya walowezi wa zamani, kila mtu simu juu. Mimi nikawa nawaza kitu kimoja tu: enzi hizo nani alikuwa jikoni?

Jina analo. Kamante Gatura, Mkikuyu. Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa hapo kuanzia 1914 hadi 1931, alimkuta akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akampeleka hospitali ya misheni. Baadaye akawa mpishi wake, na si mpishi wa mchezo. Jamaa hakujua kusoma, kila kitu alikiweka kichwani. Kila mchuzi aliupa jina la tukio la siku aliyofundishwa kuupika: mchuzi wa radi iliyopiga mti, mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. 1928, Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alikula kwa Blixen. Aliyepika? Huyo huyo Kamante.

Sasa hapa ndipo nakwama. Blixen mwenyewe aliandika kwamba Kamante hakukipenda hicho chakula. Alikionja kwa mashaka, kisha akarudia mahindi yake. Mara nyingine alimletea Blixen kiazi kitamu cha kuchoma, kama kitu cha anasa. Mapwoni, jamani! Yale tunayokula Matete na chai kila asubuhi.

Na shamba lenyewe: ekari 6,000, kama 600 hivi za kahawa. Wakikuyu walioishi humo walitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndio wakae na kulima vipande vyao. Kupanda kahawa yao wenyewe, wakoloni waliwazuia. Kwa wengi mlango ulifunguka miaka ya 1950. Yaani unachuma kahawa ya mtu, wewe mche mmoja huna.

Babu yangu pia alimpikia mzungu, huku upande wa Lugari, kabla ya Uhuru. Nikampigia kukhu simu nikiwa pale pale mezani, nikamuuliza babu alikuwa anapika nini.

“Keki,” akasema. “Watu walisema anapika keki tamu sana. Sisi hatukuwahi kuionja.”

Kazo wangu alikuwa ndio anakata yake.