Stima za Reli na Vita vya Ziwa: Utawala wa Jeshi la Majini la Uingereza katika Pwani ya Lambwe

Bonde la Lambwe, lililopo baina ya milima ya Gwasi na miinuko ya Kanyamwa, halimo katika vitabu vingi vinavyosimulia jeshi la majini la Uingereza la mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu vitabu hivyo hukaa katika Bahari ya Kaskazini, penye manowari kubwa na maadmeri mashuhuri. Hata hivyo, pwani ya Ziwa Victoria inayolizunguka bonde hilo, kuanzia ghuba ya Homa kaskazini hadi ghuba ya Karungu kusini, ilipitiwa na vita vya majini mwaka 1914, na yaliyotokea hapo yanaonyesha udhaifu wa utawala ule kwa uwazi ambao London yenyewe haikuuonyesha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ziwa lililindwa na stima za mizigo za shirika la reli, na kwamba Admeralti, yaani baraza lililosimamia jeshi la majini la Uingereza, ilifika baadaye kuchukua uongozi wa kikosi ambacho haikukijenga.

Sababu ya hali hiyo ilianzia mwaka 1904, John Fisher alipokuwa mkuu wa maadmeri, cheo cha juu kabisa cha mwanajeshi ndani ya Admeralti, akiwa chini ya waziri wa kiraia aliyewajibika bungeni. Fisher aliamini kwamba adui wa kweli ni Ujerumani na kwamba vita vitaamuliwa karibu na Uingereza, kwa hiyo aliziondoa kazini meli nyingi zilizochakaa, akapunguza vikosi vya bahari za mbali, akakusanya nguvu nyumbani, na mwaka 1906 akaizindua Dreadnought, manowari ya mizinga mizito iliyozifanya nyingine zote zionekane za kale. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, na si haki kumlaumu Fisher kwa kuona mbali; lakini gharama yake iliziangukia bahari za pembeni. Mwambao wa Afrika Mashariki uliachiwa kikosi kidogo chenye makao yake rasi ya kusini mwa Afrika, kikiongozwa na Admeri Herbert King-Hall, na miongoni mwa meli zake ilikuwamo Pegasus, iliyoundwa katika miaka ya 1890. Tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa ajili ya matengenezo, meli hiyo ilishambuliwa na manowari ya Kijerumani Königsberg, ambayo mizinga yake ilifika mbali zaidi, ikazama pamoja na uhai wa mabaharia zaidi ya 30.

Ikiwa bahari yenyewe ilikuwa imelindwa kwa namna hiyo, ziwa halikuwa na ulinzi wowote wa majini. Mpaka uliochorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1890 uliligawa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, unaokutana na nchi kavu karibu na Muhuru, mwendo mfupi tu kutoka Karungu. Lakini upande wa Waingereza hapakuwa na meli hata moja iliyojengwa kwa vita. Zilizokuwapo zilikuwa mali ya Reli ya Uganda, iliyofika ziwani Desemba 1901: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, na nyinginezo. Zile kubwa ziliundwa Scotland, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapakiwa kwenye mabehewa, kisha zikaunganishwa upya kwenye gati la Kisumu. Kazi hiyo ya mafundi, iliyofanywa ili kubeba pamba, ngozi na abiria, ndiyo iliyowapa Waingereza ukuu wa ziwa. Wajerumani wa Mwanza walitegemea hasa Muansa, tagi iliyofungwa mzinga mdogo. Tagi ni meli ndogo yenye injini ya nguvu, ambayo kazi yake ni kukokota matishari.

Udogo wa Muansa haukuizuia kuleta taharuki. Mapema Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka, kikaingia wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyojumuisha nchi ambayo leo ni Homa Bay, Migori na Kisii. Karungu, kituo cha serikali kilichotangulia kile cha Kisii, ilikuwa mlango wa asili wa uvamizi huo, kwa kuwa ghuba yake ilipokea vyombo kutoka kusini na njia za miguu zilitoka hapo kwenda bara. Mji wa Kisii ulitekwa, na tarehe 12 Septemba yakapiganwa hapo mapambano makali baina ya Wajerumani na askari wa King's African Rifles, ambapo kapteni wa Kiingereza, Thorneycroft, aliuawa na pande zote mbili zikarudi nyuma. Siku hizohizo Winifred, ikiwa imebeba askari, ilikaribia Karungu, ikaikuta Muansa ghubani na adui ufukoni, ikalazimika kugeuza, kwa kuwa stima ya abiria isiyo na silaha za maana haikuweza kushindana na mzinga, hata uwe mdogo kiasi gani. Iliporudi ikifuatana na Kavirondo, nayo tagi ya reli iliyotiwa silaha kwa haraka, Muansa iliondoka na ghuba ikabaki mikononi mwa Waingereza.

Tukio hilo dogo linastahili kupimwa kwa uzito wake. Hakuna admeri aliyelipanga, na idara ya mipango ya vita ambayo Winston Churchill, akiwa waziri wa kiraia wa Admeralti, aliiunda ndani yake mwaka 1912 haikuwa na ziwa hili miongoni mwa mambo yake makubwa. Mamlaka yenyewe yalikuwa yametawanyika: reli na meli zake zilikuwa chini ya Wizara ya Makoloni, vikosi vilivyotoka India viliendeshwa kwanza na ofisi inayoshughulikia India, na Wizara ya Vita ilishika usukani baada tu ya kushindwa kwa aibu huko Tanga mnamo Novemba 1914. Mwezi huohuo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, katika maji ya Wajerumani, ikaachwa huko hadi ilipokwamuliwa mwezi wa Mei 1915, na kwa muda huo wote kikosi cha ziwa kilipungukiwa na moja ya meli zake bora.

Mpangilio ulikuja pale maofisa wa jeshi la majini walipoletwa ziwani, Kamanda Thornley akiwa kiongozi wao, na stima zikafungwa mizinga na kupewa nidhamu ya kikosi. Jambo la kushangaza ni kwamba utulivu huo ulipatikana wakati Admeralti yenyewe ikiyumba: Mei 1915 Fisher alijiuzulu kwa ugomvi juu ya vita vya Dardanelles, Churchill akaondolewa, na Henry Jackson akapewa ukuu wa maadmeri. Mwezi uliofuata stima zilibeba kutoka Kisumu jeshi la Jenerali Stewart, likashambulia Bukoba na kuvunja kituo chake cha simu ya upepo, yaani mawasiliano ya redio, kisha likarudi kabla ya Wajerumani kujipanga upya. Katikati ya mwaka 1916 kisiwa cha Ukerewe na mji wa Mwanza vilitekwa kwa njia hiyohiyo, na vita vya ziwa vikaisha.

Kwa wakazi wa pwani ya Lambwe havikuisha. Ukuu wa majini ulilifanya ziwa kuwa njia salama ya kusafirisha watu, na vijana wa Kavirondo walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, hasa katika uandikishaji mkubwa wa 1917, wakapelekwa kusini mwa koloni la Wajerumani kubeba chakula na risasi kwa mgongo. Vifo vya wapagazi katika vita vya Afrika Mashariki, kwa hesabu za serikali yenyewe, vilizidi 40,000, wengi wao wakiuawa na magonjwa na njaa. Historia ya jeshi la majini ikiandikwa bila watu hao huwa pungufu, kwa maana ushindi wa Thornley na wenzake ndio uliofungua njia waliyopitia. Stima zilirudi kubeba pamba. Waliobaki hai walirudi kukuta kodi imepanda na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika, kimeanza kutumika, na Desemba 1921, huko Lundha katika nchi ya Gem, malalamiko hayo yalisomwa hadharani katika mkutano ulioanzisha Young Kavirondo Association.