Ndege mbili mpya na kipimo kimoja

Hapa kwetu Kongo ndege ikianguka, swali la kwanza ni: ilikuwa na miaka mingapi? Tumezoea ndege kuukuu, zilizochoka katika nchi za watu kabla ya kuletwa kwetu. Lakini Boeing 737 MAX iliyoanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 ilikuwa haijamaliza miezi mitatu kazini. Ile ya Ethiopia, tarehe 10 Machi 2019, ilikuwa na karibu miezi minne tu. Walikufa watu 189 katika ya kwanza, 157 katika ya pili.

Hii ya pili ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Wakenya 32 walikuwamo. Na ninyi ndugu mnaosikiliza mkiwa kambini, mjue kwamba walikuwamo pia wafanyakazi 7 wa PAM, na watu wa HCR.

Tuanze mbali kidogo. Ndege ya 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967. Mwaka 2010 mshindani wake, Airbus, alitangaza ndege yenye injini mpya zinazokula mafuta kidogo. Boeing, kwa haraka ya kutopoteza wateja, haikutengeneza ndege mpya kabisa. Mwaka 2011 iliamua kufunga injini kubwa kwenye umbo lile lile la zamani. Shida ni kwamba 737 inakaa chini, karibu na ardhi. Injini hizo hazikuenea vizuri chini ya bawa, zikasogezwa mbele na juu, na ndege ikawa na tabia ya kuinua pua kupita kiasi katika hali fulani. Dawa iliyotafutwa ni programu ya kompyuta iitwayo MCAS: inageuza ubawa wa mkia na kusukuma pua chini yenyewe, bila rubani kuiamuru.

Programu hiyo ilijuaje kwamba pua imeinuka mno? Kwa kipimo kidogo kilicho ubavuni, karibu na pua. Ndege ina viwili, kushoto na kulia, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu katika kila safari. Kikidanganya, hakuna wa kukikosoa. Na kitabu walichopewa marubani hakikueleza habari zake. Boeing ilitaka marubani wa 737 ya zamani wahamie MAX bila mafunzo ya gharama. Iliahidi shirika la Southwest punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege kama mafunzo hayo yangelazimika.

Usiku mmoja kabla ya ajali ya Indonesia, ndege ile ile ilianza kujisukuma chini. Kwa bahati kulikuwa na rubani wa tatu ameketi nyuma ya wenzake. Walizima umeme unaogeuza mkia, wakafika salama. Kesho yake marubani wengine walipambana nayo, wakiinua pua zaidi ya mara 20, mpaka ikaingia baharini.

Hapa ndipo mimi ninapokasirika. Baada ya ajali hiyo, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilipiga hesabu yake ya ndani: bila marekebisho, MAX zingeweza kuanguka mara 15 nyingine katika maisha yao. Hata hivyo ziliachwa ziruke. Marubani walikumbushwa tu namna ya kuzima umeme wa mkia.

Marubani wa Ethiopia waliuzima. Lakini mwendo ulikuwa mkali mno, gurudumu la kugeuzia mkia kwa mkono halikusogea. Dakika 6 baada ya kupaa, ndege ikajizika shambani karibu na Bishoftu. Baadaye wako Wamarekani waliosema kwamba marubani waliofunzwa kwao wangeiokoa. Kapteni huyo alikuwa na saa zaidi ya 8,000 angani.

China ilisimamisha ndege hizo kesho yake. Marekani ilingoja mpaka tarehe 13 Machi. Zilikaa chini miezi 20, na siku FAA iliporuhusu zirudi, Novemba 2020, MCAS ilikuwa imefanywa isikilize vipimo vyote viwili, na marubani walilazimika kufundishwa. Katika ndege ile ya Ethiopia, kipimo cha kulia kilikuwa kizima mpaka mwisho.