Mbegu za Mexico, Jiko la Thika: Historia ya Chakula na Burudani Kando ya Mto Chania

Katika mtaa wa Pilsen mjini Chicago na kwenye Olvera Street mjini Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Mexico hufunga barabara siku za sherehe, wakawasha majiko, wakachoma mahindi na nyama, wakapiga akodioni na magitaa, na urithi wa wazazi wao ukawa jambo la hadharani ambalo kila mpita njia anaweza kulionja. Miji ya Thika na Ruiru katika Kaunti ya Kiambu haikujengwa na Wamexico, wala haina tarehe maalumu ya kuwakumbuka, lakini mtu aliyezoea sherehe hizo akisimama jioni karibu na stendi ya matatu mjini Thika atakuta mahindi yanageuzwa juu ya makaa, pilipili na nyanya zinakatwakatwa, maparachichi yamepangwa kwa mafungu, na karibu vyote hivyo vina asili katika ardhi ya Mexico na nchi jirani zake. Mazao hayo yalifika bila wapishi wake. Mapishi yalibuniwa upya na wakulima wa Kikuyu, hasa wanawake, na kazi hiyo inastahili kuandikwa kama historia kamili, si kama tanbihi ya historia ya mashamba ya walowezi.

Kabla ya karne ya 20, mashamba ya Wakikuyu kati ya mito ya Chania na Thika na vilima vya Gatundu yalitegemea zaidi mtama, uwele, wimbi, viazi vitamu, nduma, ndizi na njahi, yaani maharage meusi yenye mstari mweupe ambayo mpaka leo hupikiwa mama aliyejifungua. Mahindi, ambayo wakulima wa bonde la mto Balsas kusini mwa Mexico waliyazalisha kutokana na nyasi ya mwituni miaka ipatayo 9,000 iliyopita, yalikuwa yamefika pwani ya Afrika Mashariki katika enzi za Wareno na kusambaa bara polepole, lakini ni utawala wa kikoloni ulioyapa nafasi ya kwanza. Walowezi walileta aina za mahindi meupe kutoka kusini mwa Afrika, vinu na masoko vikayapendelea, na waajiri wakafanya unga wake kuwa posho, yaani mgao wa chakula cha kibarua. Kulikuwa pia na sababu ya nyumbani ambayo waandishi wengi huipita haraka: mtama na uwele huhitaji mtu wa kufukuza ndege kuanzia alfajiri mpaka jua kutua, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto, ilhali punje za mahindi zimefunikwa na maganda yake; watoto walipoanza kwenda shule na wanaume kwenda kwenye vibarua, mama aliyebaki shambani alichagua zao linalojilinda lenyewe.

Thika yenyewe ilikua kwa sababu ya mmea mwingine wa Mexico. Mkonge, ambao asili yake ni kusini mwa Mexico, uliingizwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye ukapandwa na walowezi katika nyanda kavu za Makuyu na Thika, ambako kahawa haikustawi kama ilivyostawi upande wa Ruiru. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, nayo ikapitia Ruiru, na kando yake vikatokea viwanda, maduka ya Wahindi na kambi za vibarua. Hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908 kwenye maporomoko ya maji, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa starehe ya Wazungu. Vibarua wa mkonge na kahawa walijitafutia burudani yao kwingine.

Chakula kilichowashibisha, na ambacho bado kinashibisha sehemu kubwa ya miji hii, ni githeri, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja. Huko Mexico tangu kale wakulima hupanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja liitwalo milpa, maharage yakipanda juu ya mabua na maboga yakitambaa chini kufunika udongo. Shamba la Gatundu au la Murang'a lina mazao yaleyale matatu bega kwa bega, na majani ya maboga huchumwa yakapondwa pamoja na mahindi na viazi kupata mukimo. Hakuna mjumbe aliyekuja kutoka Mexico kufundisha mpangilio huo. Wakulima waliokuwa na desturi yao ya kuchanganya mtama na kunde waliyatambua mazao mapya kwa tabia zake, wakayaweka mahali panapoyafaa.

Ujuzi mmoja, hata hivyo, ulibaki ng'ambo ya bahari. Wamexico huchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua vitamini iitwayo niasini ambayo vinginevyo mwili hauipati. Palipoliwa mahindi matupu bila ujuzi huo, kama kaskazini mwa Italia na kusini mwa Marekani, maskini waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Katika githeri, maharage huziba sehemu kubwa ya pengo hilo, kwa kuwa yana protini ambazo mahindi yamepungukiwa nazo na ambazo mwili huweza kuzitumia kutengeneza niasini. Kwa hiyo sufuria ya githeri inayochemka saa nyingi kando ya soko, ambayo muuzaji huipima kwa kikombe kwa sababu makaa ya kuipikia nyumbani ni ghali, ni lishe bora kuliko ile posho ya unga mtupu.

Kuhusu vyakula vya barabarani, undugu na Mexico unaonekana waziwazi. Mchoma mahindi wa Thika huyaweka mabichi juu ya wavu wa chuma, huyageuza kwa vidole mpaka punje zipate madoa meusi, kisha hukata ndimu, huichovya katika chumvi iliyochanganywa na pilipili, na kuisugua kwenye gunzi kutoka ncha hadi shina; mchuuzi wa Mexico naye hutumia ndimu na pilipili. Kachumbari, ambayo ililetwa na Wahindi, ina nyanya, vitunguu, pilipili na dhania, mchanganyiko ambao Mmexico angeuweka mezani pake bila kuuliza. Huliwa pamoja na mutura, yaani utumbo uliojazwa damu, nyama na viungo, ukachemshwa na kuchomwa, na hicho ni chakula cha Wakikuyu ambacho hakikuazimwa popote. Parachichi aina ya Fuerte, ambalo kijiti chake cha kupandikiza kilichukuliwa Atlixco nchini Mexico mwaka 1911 na kupelekwa California, sasa linalimwa Murang'a kote, na mashamba ya Makuyu hulisafirisha Ulaya.

Burudani ilipita njia ngumu zaidi, kwa kuwa serikali iliiogopa. Muthirigu, ngoma ya mwaka 1929 iliyowakejeli wamishonari na machifu wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana, ilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Baadaye vijana walibuni mwomboko, dansi ya watu wawili wawili wanaopiga hatua na kupinda magoti kwa kufuata akodioni na karing'aring'a, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa fimbo ya chuma. Akodioni hiyo ya Ulaya ndiyo iliyopelekwa pia kaskazini mwa Mexico katika karne ya 19 na kuwa roho ya muziki wa huko, na katika nchi zote mbili watu wa mashambani walikifanya chombo cha wageni kiimbe mambo yao wenyewe.

Mrithi wa mwomboko ni mugithi, neno la Kikuyu la gari la moshi, ambapo wachezaji hushikana viuno na kuzunguka ukumbi kwa mstari huku mpiga gitaa mmoja akiunganisha nyimbo za zamani, zikiwemo za Joseph Kamaru wa Murang'a aliyefariki mwaka 2018. Kumbi zake zilizidi kuongezeka baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012. Mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuzwa nyumba za kupanga, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji huo, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka kila pembe ya Kenya, ambao Jumamosi usiku hula mutura na mahindi ya kuchoma mlangoni mwa ukumbi kabla ya kuingia na kushika kiuno cha mtu wasiyemjua.