Ng'ombe wa baba na neno la mtoto: nani anakata shauri la ndoa?

Katika kambi na katika nyumba zinazopokea wakimbizi wa vita, kuna ugomvi usiokwisha: nani anakata shauri la ndoa, mzazi ama kijana mwenyewe? Wazee wanasema zamani watoto walitii. Vijana wanajibu kwamba zamani imepita. Tukiangalia historia yetu, tutaona kila upande umesahau kitu.

Zamani huku Kivu, ndoa ilikuwa jambo la nyumba mbili. Kwa Bashi mahari ilikuwa ng'ombe, kwa Wanande mbuzi. Kijana hakuwa na mifugo yake, kwa hiyo alimngojea baba. Lakini baba hakutoa amri tu. Yeye na ndugu zake ndio waliolipa, na ndoa ikivunjika, wazee wa nyumba hizo mbili ndio walioketi kuzungumza juu ya mahari. Aliyekata shauri alibeba na mzigo wake.

Wakati wa Wabelgiji, franga ziliingia. Vijana walienda kwenye dhahabu ya Kilo-Moto, kwenye shaba ya Katanga, kwenye mashamba ya wazungu. Aliyepata mshahara aliweza kujitafutia mahari, na sauti ya baba ikapungua nguvu. Wasichana hawakupata njia hiyo, maana kazi za mshahara zilikuwa karibu zote za wanaume. Kijana akaanza kujichagulia. Dada yake akaendelea kuchaguliwa.

Kisha ikaja Kode ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilisema kila anayeoa na kila anayeolewa lazima akubali kwa kinywa chake. Haikuondoa mahari, kwa hiyo familia ilibaki na kiti chake kwenye mazungumzo. Lakini iliweka miaka 18 kwa mwanaume na 15 kwa mwanamke. Sheria ya 2006 juu ya ukatili wa kijinsia ikaadhibu ndoa ya kulazimisha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ikakataza uchumba na ndoa chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Kode yenyewe ikarekebishwa: miaka 18 kwa wote wawili.

Hapa wengi hawaelewi. Sheria haikumpa mtoto uhuru wote. Msichana wa miaka 16 hata akisema "mimi mwenyewe ninataka", ndoa hiyo haikubaliki. Baba akisema "mimi ndiye mzazi", vilevile haikubaliki. Kabla ya miaka 18 hakuna mwenye ruhusa, si mzazi, si mtoto. Baada ya hapo, mzazi anashauri, na mwenye kuoa ama kuolewa ndiye anayejibu.

Vita vimevuruga mambo tena. Mzazi aliyekimbia ameacha shamba na mifugo nyuma. Kijana anayebeba mizigo sokoni ama anayeendesha moto ndiye anayeleta unga nyumbani, na anaona hana tena wa kumsikiliza. Mzazi mwingine, njaa ikimbana, anaona mahari ya binti kama njia ya kulisha wadogo wake.

Lakini mahari hiyo inaliwa kwa muda mfupi. Binti akifukuzwa na mimba, ataketi na nani kuzungumza, ikiwa wazee wa nyumba hizo mbili wametawanyika kila mmoja njia yake? Mzigo unabaki kwake peke yake. Hiyo si desturi ya mababu, maana wao walijibu kwa shauri lao.

Naye kijana, kuleta unga hakumfanyi ajue watu. Baba ama shangazi asiye na mbuzi hata mmoja bado anaweza kuuliza kuhusu familia ile, deni lake, tabia yake. Kabla ya kupokea ama kutoa kitu, ketini pamoja, mwulizeni mwenye kuolewa peke yake, mbali na wageni, na mngojee jibu lake.