Fahamu namna mifumo ya faili inavyopimwa dhidi ya hitilafu za mashindano

Kumbukumbu nyingi zinazomhusu mwananchi, zikiwamo za vizazi na vifo, umiliki wa ardhi, kodi na matokeo ya mitihani, siku hizi hutunzwa katika kompyuta. Sehemu ya kompyuta inayopanga, kuhifadhi na kutoa kumbukumbu hizo inapohitajika huitwa mfumo wa faili. Mfumo huo hupokea maombi mengi kwa wakati mmoja, na katika wingi huo huweza kuzuka hitilafu ambayo ni vigumu kuigundua, yaani hitilafu ya mashindano. Makala hii inaeleza maana ya hitilafu hiyo, madhara yake na njia zinazotumiwa na wataalamu kuipima kabla haijawafikia watumiaji.

Maana ya hitilafu ya mashindano

Hitilafu ya mashindano hutokea pale shughuli mbili au zaidi zinapotumia faili moja kwa wakati mmoja, na usahihi wa matokeo ukategemea ni ipi iliyotangulia. Chukulia maofisa wawili wanaofungua orodha moja yenye majina 200. Ofisa wa kwanza anaongeza jina moja na kuhifadhi. Wa pili, ambaye aliifungua orodha kabla mwenzake hajahifadhi, naye anaongeza jina jingine na kuhifadhi. Orodha inayobaki ina majina 201 badala ya 202. Jina la kwanza limefutika, na kompyuta haikutoa onyo lolote kwa kuwa kila hatua, ikitazamwa peke yake, ilikuwa sahihi.

Aina ya pili inahusu usalama. Programu hukagua kwanza iwapo mtumiaji ana ruhusa ya kutumia faili fulani, kisha huifungua. Kati ya hatua hizo mbili hupita sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu mwenye nia mbaya akifanikiwa kuiondoa faili hiyo katika muda huo, na mahali pake akaweka kiungo kinachoelekeza kwenye faili ya siri, programu itafungua kitu ambacho haikukikagua. Mwaka 1996, Matt Bishop na Michael Dilger wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti kuhusu namna ya kutafuta kasoro za aina hiyo ndani ya programu.

Madhara yaliyokwisha kutokea

Tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakaathirika. Miongoni mwa sababu zilizobainishwa ni kuzimika kwa programu ya tahadhari katika chumba cha uongozaji umeme jimboni Ohio, hivyo wahudumu hawakujua kuwa njia za umeme zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine. Wahandisi waliochunguza programu hiyo waligundua kuwa michakato miwili ilikuwa imepata nafasi ya kuandika katika data ileile kwa wakati mmoja. Data hiyo ilikuwa katika kumbukumbu ya kompyuta wala si katika faili ya diski, lakini asili ya kosa ni moja. Kosa hilo lilijitokeza tena mbele ya wachunguzi baada ya kuchelewesha kwa makusudi baadhi ya hatua za programu.

Mfano wa pili ni udhaifu unaojulikana kama Dirty COW, uliosajiliwa kwa namba CVE-2016-5195. Udhaifu huo ulikuwamo katika kiini cha mfumo endeshi wa Linux tangu toleo la mwaka 2007 na ulitangazwa hadharani Oktoba 2016. Ulimwezesha mtumiaji asiye na mamlaka kuandika katika faili aliyoruhusiwa kuisoma tu, na kwa njia hiyo kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Simu za Android, ambazo hutumia kiini hichohicho, nazo ziliguswa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza wakati wa kuurekebisha kwamba alikwisha kujaribu kuuondoa miaka 11 iliyotangulia bila mafanikio, na kwamba jambo lililoonekana la nadharia tu wakati huo lilikuwa limekuwa rahisi kutokea kadiri mfumo ulivyoendelea kukua. Mwaka 2017 ilibainika kuwa hata marekebisho ya mwaka 2016 hayakuwa yamekamilika, ikalazimu kuyafanyia marekebisho mengine.

Kwa nini majaribio ya kawaida hayatoshi

Jaribio la kawaida huendesha shughuli moja, hutazama matokeo, kisha huendesha nyingine. Njia hiyo haiwezi kufichua kosa lililo katika mpangilio wa hatua. Michakato miwili yenye hatua tatu kila mmoja inaweza kupishana kwa namna 20 tofauti. Ikiwa kila mmoja una hatua 10, namna za kupishana hufikia 184,756. Huenda ni mpangilio mmoja tu kati ya hiyo yote unaoleta madhara, na huenda usitokee katika chumba cha majaribio hata kwa miezi mingi. Ukatokea siku ambayo watu wengi wanatuma maombi kwa pamoja.

Njia za upimaji

Njia ya kwanza ni kuweka kanuni ambayo haipaswi kuvunjwa, kisha kuishambulia. Kwa mfano, mifumo mingi huahidi kwamba faili mpya inapochukua jina la faili ya zamani, msomaji ataona ama ya zamani ama mpya, wala hatakuta nafasi tupu. Mpimaji huendesha mchakato mmoja unaobadilisha jina hilo mara maelfu mfululizo, huku mwingine ukiifungua faili bila kukoma. Jibu moja tu la kwamba faili haipo linatosha kuthibitisha kasoro. Vivyo hivyo, michakato 100 ikiamriwa kwa pamoja kuunda faili yenye jina moja kwa sharti kwamba isiwepo kabla, mmoja tu ndiye anayepaswa kufanikiwa. Michakato 10 ikiongeza mistari 10,000 kila mmoja mwishoni mwa faili moja, hesabu ya mwisho iwe mistari 100,000 kamili, bila mstari uliopotea wala uliochanganyika na mwingine.

Njia ya pili ni kuuzidishia mfumo mzigo. Programu ya fsstress huanzisha michakato mingi inayounda, kufuta, kukata na kubadilisha majina ya faili bila mpangilio maalumu ndani ya saraka moja. Programu ya fsx huandika na kusoma sehemu mbalimbali za faili na kulinganisha kila mara na nakala iliyo katika kumbukumbu. Zote mbili zimo katika mkusanyo wa majaribio uitwao xfstests, ulioanzishwa kwa ajili ya mfumo wa XFS na sasa unaotumika pia kwa ext4, Btrfs na mingineyo. Baada ya jaribio, diski hukaguliwa ili kuhakikisha kuwa hakuna sehemu moja inayomilikiwa na faili mbili.

Njia ya tatu ni kupanua ule muda mfupi ambamo kosa hutokea. Wataalamu hupachika ucheleweshaji kati ya hatua mbili, au hutumia diski iliyopunguzwa kasi makusudi, ili tukio la nadra litokee mara nyingi na liweze kuchunguzwa.

Njia ya nne ni kutumia vitambuzi visivyosubiri madhara. Kitambuzi cha lockdep, kilichoingizwa katika Linux mwaka 2006, hufuatilia utaratibu wa kufunga na kufungua kufuli zinazolinda data, na hutoa taarifa pale michakato inapoweza kusubiriana milele, hata kama haijawahi kukwama. Kitambuzi cha KCSAN, kilichoingizwa katika toleo la 5.8 la mwaka 2020, huusimamisha mchakato kwa muda mfupi unapogusa data na kutazama kama mwingine utaigusa data hiyo bila kinga. Mwaka huohuo, watafiti waliwasilisha zana iitwayo Krace, inayobuni yenyewe shughuli za faili pamoja na namna za kuzipishanisha. Zana hiyo ilifichua mashindano mapya 23 katika sehemu za Linux zinazoshughulikia faili, na 9 kati yake yalithibitishwa kuwa na madhara, ingawa mifumo hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka mingi.

Mambo ya kuzingatia

Hakuna kati ya njia hizo inayoweza kuthibitisha kwamba kasoro haipo. Jaribio lililopita bila kosa linaonyesha tu kuwa mipangilio iliyojaribiwa ilikuwa salama. Kwa sababu hiyo, upimaji hupaswa kurudiwa kila programu, kiini cha mfumo endeshi au mashine inapobadilishwa. Hupaswa pia kufanyika katika mazingira yaleyale ambamo mfumo utatumika. Kwa mfano, kuongeza maandishi mwishoni mwa faili ni salama katika diski ya ndani ya Linux, lakini katika hifadhi ya mtandao ya NFS, kompyuta kadhaa zikifanya hivyo kwa pamoja, faili huweza kuharibika.

Taasisi inayopokea mfumo mpya ina haki ya kumwuliza mtengenezaji maswali matatu: ni shughuli ngapi za pamoja zilizojaribiwa, katika hifadhi ya aina gani, na ni kanuni zipi zilizokaguliwa baada ya jaribio. Mtengenezaji akijibu kuwa mfumo ulifanya kazi vizuri ulipoonyeshwa mbele ya wageni, hajajibu swali hata moja.

Kwa upande wake, mwananchi anashauriwa kusasisha simu na kompyuta yake mara toleo jipya linapotangazwa, kwa kuwa marekebisho ya kasoro za aina hii humfikia kwa njia hiyo. Anashauriwa pia kutunza namba ya ombi au stakabadhi anayopewa baada ya kuwasilisha taarifa zake. Kumbukumbu iliyofutwa na hitilafu ya mashindano haiachi alama, hivyo namba hiyo huenda ikawa ndiyo ushahidi pekee kwamba taarifa zake zilipokelewa.