Ali na Marciano: Pambano la Mashine

Ndondi zina balaa moja ambalo mpira hauna. Timu ya mpira hubadilisha wachezaji ikaendelea kuitwa jina lile lile, lakini bondia huzeeka peke yake, tena mbele ya watu. Ndiyo maana mabishano ya ndondi hayaishi barazani. Kuna walioapa kwa Joe Louis, aliyeshika ubingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25. Waliofuata wakaapa kwa Muhammad Ali, na vijana waliokuja baadaye wakatuletea Mike Tyson, aliyeutwaa mkanda mwaka 1986 akiwa na miaka 20 tu. Kila mtu humtetea bondia wa ujana wake, na hakuna awezaye kushinda, kwani hao wanaoshindanishwa hawakuwahi kuwa vijana katika mwaka mmoja.

Yupo mtu mmoja aliyejaribu kuyamaliza mabishano hayo kwa mashine. Jina lake Murray Woroner, mtengenezaji wa vipindi vya redio huko Miami, Marekani. Mwaka 1967 alikusanya habari za mabingwa 16 wa uzito wa juu, waliokufa na walio hai, akazitia katika kompyuta pamoja na maoni ya wajuzi wa ndondi. Kompyuta ikatoa matokeo ya raundi moja baada ya nyingine, na mtangazaji akayasoma redioni kana kwamba anauona ulingo. Mwishoni Rocky Marciano alimshinda Jack Dempsey akatangazwa mkubwa wa wote. Ali yeye alikuwa amekwisha kutolewa kabla ya hapo, na aliyemtoa ni James Jeffries.

Hapo ndipo penye mwiba. Jeffries aliuacha ubingwa mwaka 1905 bila kushindwa, na muda wote aliokuwa bingwa alikataa kumpa mtu mweusi nafasi ya kuuwania. Jack Johnson, mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, ilimbidi asafiri hadi Sydney, Australia, ili aupate mwaka 1908. Wazungu wa Marekani hawakuweza kulistahimili jambo hilo. Wakamwendea Jeffries shambani kwake na kumsihi arudi. Alipunguza zaidi ya kilo 40, akapanda ulingoni Reno tarehe 4 Julai 1910, na Johnson akamtwanga mpaka pambano likasimamishwa katika raundi ya 15. Habari zilipofika mijini zilizuka ghasia, watu weusi wakashambuliwa na wengine wakauawa.

Sasa, ndugu msomaji, fikiri Ali alisikia nini mwaka ule wa 1967. Alikuwa na miaka 25, hajapigwa na mtu. Alikataa kwenda jeshini kupigana Vietnam, wakamvua ubingwa na kumnyima leseni ya kupigana. Wakati huo huo redio inatangaza kwamba Jeffries amemshinda! Alifungua kesi akidai dola milioni 1 kwa kuvunjiwa heshima. Wapo walioiona kuwa ni kesi ya mzaha. Mimi siioni hivyo. Mtu aliyefungiwa mlango wa ulingoni alikuwa hana njia nyingine ya kujibu.

Kesi ilimalizwa nje ya mahakama, Ali akakubali kulipwa na kupigwa picha ya filamu akipigana na Marciano mwenyewe. Walikutana Miami mwaka 1969. Marciano alikuwa na miaka 45 na alikuwa ameacha ndondi tangu 1956, akiwa ameshinda mapambano yote 49, 43 kati ya hayo kabla ya muda kwisha. Alipunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia ili kuficha upara. Ali alikuwa na miaka 27. Walipigana raundi zaidi ya 70 za dakika moja moja, nyingi kwa ngumi za kuigiza, na damu ilikuwa ya bandia vile vile. Walipigwa picha za miisho mbalimbali, wala hakuna kati yao aliyejua ni upi utakaotumika. Inasemekana wawili hao walipatana vizuri sana. Tarehe 31 Agosti ndege ndogo aliyopanda Marciano ilianguka Iowa akafa, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46.

Filamu ilionyeshwa Januari 1970: Marciano ameshinda, Ali yuko chini, raundi ya 13. Ilikuwa raundi ile ile ambayo kweli alimwangusha Jersey Joe Walcott mwaka 1952 na kuutwaa ubingwa. Baadhi ya watazamaji wa Ulaya, hata hivyo, walionyeshwa mwisho ambao Ali ndiye mshindi. Ali alitania kwamba bila shaka kompyuta ile ilitengenezwa Alabama. Ulikuwa mzaha wenye ukweli ndani yake, kwani kompyuta haikuwahi kumwona Ali akipigana. Ilijua kile tu ilichoambiwa na watu, na watu wa mwaka ule walikuwa na lao moyoni.

Ukiniuliza mimi, Ali wa 1966, yule aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu, angemshinda Marciano. Alimzidi urefu, uzito na mikono, na uso wa Marciano ulikuwa mwepesi kuchanika: mwaka 1954 Ezzard Charles alimpasua pua vibaya karibu pambano lisimamishwe. Lakini Marciano alimwangusha Charles katika raundi ya nane huku akivuja damu, na jambo la namna hiyo sijui utalitia katika mashine kwa tarakimu gani.

Mara chache vizazi hukutana kweli, na aghalabu ni huzuni. Mwaka 1951 Marciano alimtupa Joe Louis nje ya kamba. Louis alikuwa na miaka 37, amerudi kwa sababu ya madeni ya kodi. Mwaka 1980 Larry Holmes alimpiga Ali mpaka kona yake ikamzuia asiendelee.

George Foreman peke yake alikataa kufuata kawaida hiyo. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali alimwangusha katika raundi ya nane. Huko kulikuwa bado hakujapambazuka, kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Miaka 20 baadaye, tarehe 5 Novemba 1994, Foreman alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na miaka 45, umri ule ule wa Marciano katika filamu, akiwa amevaa bukta ile ile ya Kinshasa. Konani alikuwapo Angelo Dundee, aliyekuwa konani kwa Ali siku ile. Mpinzani wake, Michael Moorer, alikuwa bingwa wa miaka 26 asiyewahi kushindwa, naye alikuwa akiongoza kwa pointi. Katika raundi ya 10 Foreman alimpiga ngumi moja ya kulia ya kidevu, akahesabiwa mpaka kumi. Ali alipopigana Kinshasa, Moorer alikuwa mtoto wa miaka 6.