Miale X yafunua mioyo ya galaksi iliyofichwa na vumbi

Tarehe 12 desemba 1970, satelite moja ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ndani ya bahari karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Wakenya walikuwa wanasherehekea uhuru wao, njo maana Wamarekani wenye satelite waliipatia jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, ya kutafuta miale X angani. Iliorodhesha vyanzo 339, na ndani yake kulikuwa galaksi za jirani sawa NGC 4151 na Centaurus A.

Miale X ni ile ile ya hospitali, ile tunasema mtu "amepigwa radio" (si radio hii yetu!). Inapita ndani ya nyama, mfupa unaizuia. Hewa ya dunia pia inaizuia, kwa hiyo lazima chombo kipande juu kabisa.

Inatoka wapi? Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Mengi yametulia, na lile la galaksi yetu ni moja yao. Lakini gesi nyingi ikianza kulizunguka na kuangukia humo, inawaka moto kupita kiasi. Karibu kabisa na shimo kunakuwa gesi ya moto zaidi, inaitwa korona (haihusiani na ugonjwa), na hapo njo miale X inatoka. Nguvu yake inaweza kupanda na kushuka ndani ya masaa machache. Kitu kikubwa sana hakiwezi kugeuka mbio hivyo, kwa hiyo tunajua kwamba mahali penyewe ni padogo, sawa mfumo wa jua letu hivi.

Shida ni vumbi na gesi. Satelite Swift, iliyorushwa 2004, inapima miale X mikali yenye kupenya. Katika mamia ya galaksi za jirani zenye moyo unaowaka, ilionekana kwamba karibu 70 kwa mia zimejifunika. Mwenye kuhesabu kwa mwangaza wa kawaida tu anakosa sehemu kubwa, na hawezi kujua vizuri namna mashimo haya yalikula mpaka yakanenepa.

Zingine zimefunikwa zaidi. Galaksi ya Circinus iko umbali wa miaka ya mwanga milioni 13 hivi, ni jirani kabisa, lakini miale yake mingi inayotufikia ni ile iliyogonga gesi ya kando na kurudi, ikibeba alama kali ya chuma.

Na pazia lenyewe si ukuta wa matofali. Katika NGC 1365, satelite Chandra iliona wingu likipita mbele ya shimo, likaziba miale, kisha likaondoka. Yote ndani ya siku chache tu.